Seti ya Kopa

Aliyenifundisha karata ni mke mwenzangu, na hakunifundisha kwa kupenda. Mume wetu alimlazimisha, nami nililazimishwa vilevile, maana nilipofika katika nyumba ile ya cité, mtaa wa Waafrika wa Elisabethville, nikiwa na miaka kumi na minane na sanduku moja la bati, sikutaka kukaa mkeka mmoja na mwanamke yule kwa lolote. Alinipokea mlangoni, akaitazama miguu yangu yenye vumbi, akasema, "Maji iko nyuma." Basi. Hayo ndiyo makaribisho niliyoyapata baada ya siku nane za lori, treni na meli ya mtoni kutoka Kasongo.

Nilimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, kwa sababu mume wangu aliniamuru. Alikuwa mwembamba, karibu miaka arobaini, mwenye mikono mirefu iliyofanya kila kitu polepole na bila kukosea. Hakuwa amezaa. Majirani walisema ni yeye mwenyewe aliyemwambia mume atafute mke mwingine. Sijui. Sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza mambo yake.

Wiki ile ile nilipelekwa ofisini kuandikishwa. Karani aliandika jina langu katika kitabu cha mume wangu, chini ya jina la yaya, akaongeza neno moja la Kifaransa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa anauza vitambaa vya kutoka Mokambo mpakani na alijua kusoma, alinitafsiria pale pale: ya kuongeza. Mke wa kuongeza. Maana yake ilikuwa kwamba nitakaa mjini kwa muda ule tu mume wangu atakaokuwa hai na kunitaka. Akifa au akiniacha, nitarudi kwetu, kwa kuwa mji ule haukunijua mimi kama mimi. Nilicheka siku hiyo. Mume wangu alikuwa na afya, na mimi nilikuwa mjinga.

Mume wetu alikuwa fundi cherehani, anashona barazani kuanzia asubuhi. Yeye na ndugu yake walikuwa wajukuu wa mtu wa pwani aliyekuja Maniema na misafara ya zamani, na kwa babu huyo walirithi dini pamoja na mchezo wa karata. Mama yao ndiye aliyewafundisha, akamfundisha na yaya. Kila Ijumaa, kutoka Alasiri mpaka Magharibi, walitandika mkeka barazani: ndugu wawili upande mmoja, mama mkwe na yaya upande wa pili. Mwalimu wa msikiti hakupenda. Mume wangu alimjibu kwa adabu kwamba hapawekwi hata senti, wanaoshindwa wanapika chai tu, na tangu lini chai imekuwa haramu?

Mama mkwe alikufa mwaka mmoja kabla sijaja. Mahali pake palibaki wazi mwaka mzima. Ijumaa yangu ya tatu mume wangu alipanyooshea kidole. "Wee, ukae pale."

Yaya aliinua macho, akayashusha. Nikakaa. Nilihisi kama nimekalia kaburi.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Unatoa nane, tisa na kumi zote, zinabaki karata arobaini, kila mtu anapata kumi. Mwenzako anakaa mbele yako, wapinzani kulia na kushoto. Aina moja inatajwa kuwa turufu, nayo inakata nyingine zote; lakini lazima ufuate aina iliyotangulia kama unayo. Kubwa kuliko zote ni ree, ina kumi na moja. Inayoifuata ni seti, yaani ile saba, karata tupu isiyo na picha, ina kumi. Zile za picha tuliziita wazungu: mzungu wa nne, wa tatu, wa pili, kwa hesabu ya thamani yao. Mume wangu alipenda sana kumkata mzungu wa nne kwa turufu ndogo, halafu anachungulia barabarani kama polisi wanakuja. Pande mbili zinagombea mia na ishirini, na atakayefikisha sitini na moja ameshinda. Kusema na mwenzako hakuruhusiwi. Hata kukohoa watakushuku.

Kwa hiyo tulifaa, mimi na yaya. Kutosemezana ndiyo kazi tuliyoijua.

Lakini tulishindwa. Tulishindwa wiki baada ya wiki, na kosa lilikuwa langu, lile lile kila mara. Yaya akitupa ree, mzunguko ule ni wetu, na mwenzake anatakiwa amtupie karata yake kubwa ili zile kumi ziende nyumbani salama. Mimi nilitupa ndogo. Seti niliificha nyuma ya karata nyingine. Niliipenda. Nilitaka niitoe mwenyewe baadaye, kwa wakati wangu, ionekane kuwa ni yangu. Mzunguko wa pili, mmoja wa wanaume anakuwa ameishiwa aina ile, anaikata kwa turufu ya mbili, na seti yangu inavutwa upande wao huku shemeji akiuliza kama sukari ipo.

Mimi na yaya tunainuka kwenda kupuliza moto kwenye mbabula, jiko la makaa. Yeye anapuliza, mimi nashika vikombe.

Baada ya miezi miwili hivi alichoka. Ilikuwa mchana, wanaume wako kazini, mboga ya sombe iko motoni. Alikuja na lile bati la biskuti walimohifadhi karata, akazimwaga mkekani mbele yangu, akagawa mikono minne, yote wazi. Akatupa ree ya kopa, ile aina nyekundu yenye mioyo. Mimi nikatupa mbili. Akanichapa kofi mkononi, kofi la kweli.

"Juu ya nini uko nachunga ile seti?"

"Ni yangu," nilisema.

"Ni yetu. Kama mwenzako iko nabeba, umupe kikubwa chako. Usingojee. Ukingojea, batakikula mu mukono yako."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na mama yangu mzazi hakuwa amenichapa tangu nivunje ungo. Lakini alirudia, na kurudia, mchana ule na michana mingine, mpaka mkono wangu ukaanza kutoa seti kabla kichwa hakijakataa. Na katikati ya mafunzo hayo, bila kutangaziana, tulianza kuongea. Mambo madogo tu, chumvi, mvua, jirani anayepiga mke wake. Siku moja aliniita mudogo wangu, kisha akageuka haraka kukoroga bukari, ugali wa kule.

Ijumaa tuliyoshinda kwa mara ya kwanza, yaya alitupa ree ya pau, nami nikaweka seti juu yake mara tu zamu iliponifikia. Mume wangu alisema, "Eh!" Tulipata themanini na kitu. Majirani walitoka kuja kutazama wanaume wawili wenye kanzu nyeupe wamechuchumaa kwenye mbabula, majivu yamejaa ndevuni, wanagombana nani kamwaga maji. Yaya alicheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake yote. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, na alipocheka alilifunika kwa karata zake.

Nilimzaa binti yangu mwaka uliofuata. Alikuwa mtoto mzuri mwenye homa. Sijui niseme vipi vingine. Haikupita miezi miwili kamili bila homa kumrudia, na ikipanda inamletea degedege, macho yanageuka, meno yanabana. Mara ya kwanza nilisimama katikati ya ua nikapiga kelele tu. Yaya ndiye aliyemnyakua, akamfunga mgongoni, akakimbia naye mpaka lopitali bila viatu, amevaa kitenge cha jikoni. Walimdunga sindano, akarudi. Mara ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Sista muuguzi wa zamu akawa anamjua mtoto kwa sura, anamwambia yaya, "Mama, mulete hapa," na yaya hakumsahihisha. Mimi nilisimama nyuma nikiwa na viatu vyao vyote mkononi.

Kwetu, nyuma ya Kasongo, dispensari ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Wadogo zangu wawili walikufa kwa degedege wakibebwa njiani. Hilo nililijua wakati wote, na sikutaka kulifikiria.

Mume wetu alikufa kwenye cherehani, Jumatano moja ya mwezi wa nane, baridi ikielekea kwisha, mtoto akikaribia miaka minne. Mguu wake ulikuwa bado kwenye kanyagio, na kanzu ya mtu ilikuwa bado chini ya sindano. Nilidhani ameinama kutafuta uzi. Yaya ndiye aliyejua. Alimshika bega, akakaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa, akasema jina lake kwa sauti ndogo kama anamwamsha asichelewe sala.

Nilimpenda mume wangu. Naandika hivyo kwa sababu watu hudhani mke wa pili anapenda nyumba tu. Alikuwa mtu wa mzaha, hakunipiga, na alipokuwa ananipimia nguo aliimba kwa pua.

Tukaingia eda sote wawili, katika chumba kimoja, na nguo nyeupe alizoshona shemeji kwa mishono iliyopinda. Miezi minne na siku kumi hatutoki, hatujipambi, hatuolewi. Shemeji alikwenda ofisini kueleza habari yangu. Mzungu wa ofisi alishangaa sana kusikia kuna matanga yenye hesabu kamili hivyo, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akapiga muhuri. Nyumba itabaki kwa yaya, aliyeandikwa kuwa mke. Mimi nimeruhusiwa mpaka eda iishe. Kesho yake, treni.

Na mtoto? Shemeji alimwuliza mwalimu, na mwalimu akasema binti mdogo ni wa mama yake, hakuna wa kumnyang'anya. Uamuzi ni wa mama. Nilishukuru. Nilidhani nimepewa zawadi.

Baada ya hitima ya arobaini wageni walipungua. Michana ilikuwa mirefu mno. Mtoto analala, nzi wanazunguka, cherehani imefunikwa shuka barazani. Siku moja yaya aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akatoa lile bati la biskuti chini ya kitanda.

"Yaya," nilisema, "tuko mu eda."

"Njo maana nimefunga mulango."

Akagawa mikono minne. Mkono wake, wangu, na miwili ya wanaume, iliyolazwa wazi mkekani, kila mmoja mahali pake pa Ijumaa. Yeye alimchezea marehemu, mimi nilimchezea shemeji. Hatukupanga, ndivyo tu mikono yetu ilivyokwenda. Na yaya alimchezea mumewe kwa haki kabisa. Pale ambapo marehemu angekuwa na pupa, alimchezea kwa pupa. Pale ambapo angepoteza turufu kubwa bure kwa ajili ya kujionyesha, aliipoteza, na midomo yake ikatetemeka kidogo, kwa kicheko au kwa kingine. Tukishindwa, tulipika chai. Tukishinda, tulipika pia, maana wao hawangeweza.

Mke wa mwalimu akibisha hodi, karata zinaingia chini ya mkeka nasi tunakaa juu yake, tumeshika tasbihi, nyuso zimeinama. Siku moja alikaa saa nzima anatupa nasaha. Ree ya shupaza ilinichoma paja wakati wote. Alipoondoka tulicheka mpaka mtoto akaamka, kisha tukalia, na sijui kicheko kiliishia wapi.

Katika mwezi wa tatu wa eda mtoto alipata degedege tena. Mimi na yaya tulitazamana, wanawake wawili wa eda, halafu yaya akamfunga mgongoni akatoka mbio, eda au si eda. Mvua zilikuwa zimeanza. Alirudi jioni amelowa, mtoto amelala, amechomwa sindano. Aliniwekea mapajani. Akakamua kitambaa chake, akakianika, akakaa mbele yangu mahali pake pa karata.

"Uniachie mutoto," alisema.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Moja nitaliandika, kwa kuwa ni langu na sina ruhusa ya kulikwepa. Nilimwambia, "Tumbo yako ilikataa, sasa unataka yangu?"

Alivuta ungo wa mchele, akaanza kuchagua mawe. Alichagua mawe mpaka giza likaingia, na mchele ule ulikuwa umeshachaguliwa asubuhi.

Siku tisa hatukusema. Bati lilibaki chini ya kitanda. Nilimkumbatia mtoto hata alipotaka kwenda kucheza, nikamkasirisha, akawa ananisukuma kwa viganja. Nilipiga hesabu za safari: treni mpaka Bukama, meli mpaka Kabalo, treni tena mpaka Kongolo, halafu lori, na barabara za mwezi wa kwanza, matope mpaka kwenye ekseli. Halafu kwetu. Nilijiambia atazoea, atapata nguvu kwa maziwa ya mbuzi, na kwamba yule mwanamke amekuwa akimtaka tangu mwanzo, hata zile mbio zake za lopitali zilikuwa wizi. Nilijiambia mengi.

Siku ya kumi ni mimi niliyetoa karata. Sikuwa na neno lingine la kuanzia. Yaya aliacha kazi yake, akaja kukaa.

Turufu ilikuwa uru. Yaya alianza kwa ree ya kopa. Mkononi nilikuwa na seti ya kopa na tatu ya kopa. Mikono ya wanaume ilikuwa wazi mbele yetu sote. Niliona kabisa kwamba marehemu ana kopa moja tu na uru nne. Mtoto mdogo angejua la kufanya. Kama nikiibakiza seti, mzunguko ujao marehemu anaikata. Niliona, na bado nikatupa tatu.

Yaya alisubiri kidogo, labda nirudishe mkono. Sikurudisha. Akatupia kopa pekee ya marehemu, akakusanya, kisha akacheza kopa tena, maana mchezo ulitaka hivyo. Nikabaki na seti peke yake, nikaiweka. Mkono wa yaya ukaenda kwenye karata za mumewe, ukasimama juu ya ile turufu ndogo, uru ya mbili. Angeweza kuniachia. Hapakuwa na mtu wa tatu katika chumba kile. Aliitoa akaiweka juu ya seti yangu, taratibu, akazivuta zote upande wa marehemu.

Nililaza karata zangu zilizobaki mkekani.

Sitaki mtu aseme karata ndizo zilizoniamulia. Mtoto si karata, na mtu angeniambia hivyo siku ile ningemrushia kikombe. Niliamuliwa na wadogo zangu wawili waliofia njiani, na sindano za sista yule, na macho ya binti yangu yakigeuka. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya uamuzi huo siku tisa, na pale mkekani ndipo nilipoinuka. Nilikwenda kitandani, nikamchukua mtoto amelala, nikamweka mapajani mwa yaya. Yaya alimpokea kwa mikono yote miwili na kuinamisha uso, na nywele za mtoto zikalowa.

Jioni ya mwisho, yaya alipokuwa akinifungia chakula cha njia, nilifungua lile bati nikaiba seti ya kopa. Ndiyo, niliiba. Nilitaka zibaki thelathini na tisa, wasiweze kucheza, mtu yeyote asikae mahali pangu. Niliifunga katika pembe ya kitenge.

Stesheni tulifika asubuhi na mapema. Mtoto alikuwa mgongoni kwa yaya, macho, anatazama injini, anacheka kila inapotoa moshi. Sikumbusu. Niliogopa atanishika. Nilimrekebishia kofia ya sufu, nikamwambia yaya asimpe karanga, zinamletea kifua. Yaya akasema, "Najua." Nilichukia sana kwamba anajua. Shemeji alinipitishia sanduku dirishani. Treni ilipoondoka mtoto alipunga mkono kwa treni, si kwangu, kama watoto wote wanavyofanya.

Nilikaa kwetu miaka saba. Niliolewa tena na mzee mmoja mpole, sikuzaa. Habari zilinifikia kwa wafanyabiashara waliopita kwa shemeji: anaendelea, ameanza shule, homa zimepungua, homa zimekwisha. Nilifurahi kila mara, halafu nilikwenda shambani nikalima mpaka mgongo ukaniuma.

Kibali cha kutembelea mji nilikipata mwisho wa miaka hiyo, siku kumi na tano, sababu ya safari: kuona jamaa. Bomba la moshi la kiwanda cha shaba lilikuwa pale pale, na barabara ya cité ilikuwa imepandwa miti. Barazani alikuwa amekaa msichana mrefu wa miaka kumi na mmoja, anasoma daftari, mguu mmoja umekunjwa chini yake. Mikono yake mirefu ilifunua kurasa polepole. Nani kampa mikono ile? Yaya alitoka ndani. Alikuwa amezeeka, ameota mvi. Aliniona, akashika mlango.

"Simama usalimie," alimwambia msichana.

Binti yangu alisimama, akapiga goti kidogo kwa adabu nzuri, macho chini. "Jambo, mama mudogo," alisema. "Safari ilikuwa muzuri?"

Nikasema ilikuwa nzuri.

Jikoni yaya alinishika mkono. "Nilimuambia," alisema. "Nimemuambia tangu zamani, na iko najua. Sikumuficha. Lakini mudomo yake imezoea." Alikuwa analia. Nilimwambia aache, vitunguu vitaungua. Sikuwa na hasira naye. Niliitafuta, maana ingenisaidia, sikuipata.

Ijumaa shemeji alikuja baada ya Alasiri, amenenepa, bado anavaa kanzu. Mkeka ulitandikwa. Msichana alileta bati la biskuti, lile lile, kutu imekula pembe. Akaanza kugawa, na katika mkono wangu nikaikuta: kipande cha katoni kilichokatwa kwa mkasi wa fundi, na mioyo saba iliyochorwa kwa kalamu nyekundu, mmoja mkubwa kuliko mingine.

"Ile ya kweli ilipotea," binti yangu alinieleza. "Njo nilichora ingine. Nilikuwa mudogo."

Ile ya kweli ilikuwa katika pembe ya kitenge changu, nimeikalia. Nilikuwa nimekuja nayo ili niirudishe. Sikuitoa.

Yaya alikuwa bado hajakaa. Mahali pake palikuwa mbele ya msichana, kila mtu alijua. Alisimama na karata zake mkononi, kisha akazunguka mkeka akakaa ubavuni mwangu, mkabala na shemeji, kwa shida, magoti yanamwuma, akanionyesha kwa kidevu mahali alipopaacha. Nikahamia pale. Binti yangu alikuwa mbele yangu, karata ameziweka karibu na kifua, uso hauonyeshi kitu.

Turufu ilikuwa pau. Zamu ya kuanza ilikuwa yake. Alifikiri kidogo, akatupa ree ya kopa.

Shemeji akatupa nne. Mimi nikaweka ile seti ya katoni juu ya ree yake, haraka, kabla sijaitazama mara ya pili. Yaya akatupa karata yake bila kuinua macho.

Binti yangu alikusanya mzunguko wetu, akaulainisha kwa kiganja, akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa tangu nifike.

"Mama mudogo, kumbe unajua kucheza," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Mama yako," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akachagua karata nyingine.